Somo la Tawi: Wezi wa Simu na Akiba ya Wazee Wetu



Mara nyingi katika ukurasa huu tunafundishana namna ya kudai mshahara. Mara hii tunataka tufundishane namna ya kuulinda mshahara ukiisha kulipwa, na hasa ule wa mwisho, yaani akiba ya uzeeni. Siku hizi wako watu wanaoichukua akiba hiyo kwa simu, bila panga wala bunduki, na wanaowatafuta zaidi ni wazee wetu. Tunaomba kila tawi lisome somo hili kwa sauti katika mkutano, maana wengi linalowahusu macho yao yamechoka, na wengine hawakupata nafasi ya kwenda shule.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA CHAMA

Pwani hii ya Ziwa Mweru, kutoka Nchelenge na Kashikishi hadi Chiengi, ina wazee wengi waliokuwa wafanyakazi wa mshahara. Wako waliochimba shaba Kitwe na Mufulira, wakarudi nyumbani migodi ya serikali ilipouzwa katika miaka ya 1997 hadi 2000. Wako waliofanya kazi katika kiwanda cha betri cha Mansa kabla hakijafungwa. Wako waliochuma chai Kawambwa mpaka mgongo ukapinda. Mzee wa namna hiyo akiwa na kitu mkononi, kitu hicho kimetokana na jasho.

Tukumbuke jasho hilo linavyokusanywa. Chini ya mfuko wa NAPSA, ulioanza mwaka 2000 mahali pa mfuko wa zamani wa ZNPF, mfanyakazi hukatwa 5% ya mshahara wake kila mwezi, na mwajiri hutoa 5% nyingine. Mwaka 2022 sheria ya mfuko huo ilibadilishwa, na tangu Aprili 2023 mwanachama aliyetimiza masharti anaweza kuchukua sehemu ya akiba yake kabla ya kustaafu. Kwa hiyo fedha za miaka mingi zinaweza kumfikia mtu kwa siku moja. Mwizi naye anasikiliza redio kama sisi. Anajua ni wakati gani watu wanangojea fedha.

Zamani fedha zilikaa katika kopo chini ya kitanda, na aliyezitaka ilimpasa aje Nchelenge kwa miguu yake mwenyewe. Sasa fedha zinakaa katika simu, na anayezitaka anaweza kuwa Lusaka, Lubumbashi, au bara jingine kabisa. Hatusemi kwamba simu ni mbaya. Mama aliyeko Kashikishi anapokea fedha kutoka kwa mwanawe aliyeko Ndola kwa dakika moja, wala hahitaji tena kumkabidhi dereva wa basi bahasha na kuomba Mungu. Lakini kila chombo kina hatari yake. Mtumbwi huvusha na mtumbwi huzamisha, ndiyo maana mtoto wa mvuvi hufundishwa kuogelea.

MWIZI WA SIMU HUFANYAJE KAZI

Ndugu, kama utasahau mengine yote ya somo hili, ushike hili moja. Kwa kawaida mwizi wa simu hawezi kuzifungua fedha zako. Ufunguo wake ni namba ya siri, na namba hiyo iko kichwani mwako. Kazi yake yote ni kukufanya wewe umfungulie mlango kwa mkono wako, ama kwa kumtajia namba hiyo, ama kwa kuibonyeza mwenyewe na kumtumia fedha.

Tumsikilize anavyosema. Mazungumzo haya tumeyatunga kwa ajili ya somo, lakini aliyewahi kupigiwa atayatambua.

— Mulishani mukwai, ba tata. Nazungumza kutoka ofisi kuu ya kampuni ya simu.

— Eya mukwai.

— Laini yenu ina kasoro katika usajili. Leo saa nane itafungwa, na fedha zilizomo zitapotea.

— Oo! Sasa nifanye nini, mwanangu?

— Msiwe na wasiwasi, ba tata, mimi nipo kwa ajili ya kuwasaidia. Lakini msikate simu. Na msimwite mtu yeyote, haya ni mambo ya siri ya kampuni. Nitawaletea namba katika ujumbe, mnisomee. Halafu mtanitajia ile namba yenu ya siri, nifungue mtambo huku.

Sasa tuyapime maneno hayo kama fundi anavyopima ubao.

Kwanza kuna adabu. Ameanza kwa "mukwai" na "ba tata", kwa sababu anajua mzee wa Luapula hawezi kumkatia simu mtu mwenye adabu. Pili kuna cheo. Amesema "ofisi kuu", na sisi tuliokulia chini ya makarani na manyapara tumezoea kuitikia ofisi. Tatu kuna hofu, kwamba fedha zitapotea. Nne kuna haraka, kwamba mwisho ni saa nane. Tano, na hili ndilo kubwa, kuna kumtenga mzee na watu wake. "Msikate simu. Msimwite mtu."

Mwizi anajua kwamba akimpa mzee dakika tano za kukaa na jirani chini ya mwembe, kazi yake imeharibika. Kwa hiyo dawa ni hizo dakika tano. Karani wa kweli hakatazi mtu kuuliza. Kampuni ya kweli haiulizi namba yako ya siri, iwe kwa simu, kwa ujumbe, au hata ukiwa umesimama mbele ya karani wake. Anayeiuliza amekwisha kujitambulisha kuwa ni mwizi.

MITEGO INAYOTUMIKA ZAIDI

Nyavu ni nyingi lakini kuna zinazoonekana mara kwa mara. Tuzitaje moja moja.

(a) Fedha "zilizokosewa". Ujumbe unaingia unaosema umepokea kwacha mia tano. Mara simu inalia, na mtu analia naye: "Mama, nimekosea namba, hizo ni fedha za hospitali, naomba unirudishie." Mama mwenye huruma anarudisha. Kumbe hakupokea kitu. Ule ujumbe mwizi aliuandika mwenyewe. Kanuni ni hii: fedha haziko katika ujumbe, ziko katika salio. Angalia salio kwanza. Na kama kweli fedha zimeingia kwa makosa, mwambie aliyekosea aende kwa kampuni ya simu, nayo itazirudisha kwa utaratibu. Usizirudishe wewe.

(b) "Tuma kwa namba hii." Jirani zetu wa Tanzania wanaujua sana ujumbe usemao kwamba ile pesa uitume kwenye namba hii. Watu wengine hucheka, wakisema nani atadanganywa na maneno mafupi hivyo? Lakini tufahamu hesabu yake. Ujumbe huo hutumwa kwa watu wengi sana kwa mara moja. Kati yao hakosi mmoja ambaye asubuhi hiyo alikuwa ameahidi kumtumia mtu fedha za karo au za nauli. Huyo anadhani ni mtoto wake amebadili namba, na anatuma. Hakuwa mjinga. Ndoana ilipita mbele yake wakati ana njaa.

(c) Mtoto aliyekamatwa. Simu inatoka namba ngeni: "Mwanao amepata ajali," au "Amekamatwa kule Pweto, askari wanataka fedha sasa hivi." Sisi wa pwani hii tuna ndugu ng'ambo, Kilwa, Pweto na Kasenga, na watu huvuka kila siku kwa biashara. Kwa hiyo habari ya namna hiyo inaweza kuaminika upesi, hasa ikisemwa kwa Kiswahili cha kule. Tena siku hizi ziko programu za kompyuta zinazoweza kuiga sauti ya mtu. Usitegemee sauti peke yake. Kata, halafu mpigie mwanao mwenyewe kwa namba unayoijua siku zote. Asipopatikana, mpigie mke wake, mwenzake wa kazini, au mzee wa kanisa lake.

(d) Mtu wa pensheni na mtu wa misaada. Anasema jina lako limetoka, bado ada ndogo ya faili. Ama anasema umeandikwa katika mpango wa serikali wa kuzisaidia kaya maskini kwa fedha, ule ulioanza kwa majaribio Kalomo mwaka 2003 ukaenea nchini, nawe utoe kwanza kitu kidogo. Ndugu, haki hainunuliwi. Akiba ya NAPSA ni yako, uliikatwa katika mshahara. Msaada wa serikali hauna kiingilio. Anayetaka umpe kwanza ili akupe baadaye, mwambie afike katika ofisi ya boma mkaonane uso kwa uso. Hatafika.

(e) Laini inayokufa ghafla. Mara nyingine mwizi huchukua namba ya kitambulisho chako cha taifa na majina yako, akaenda kuomba laini mpya kwa namba yako ile ile. Simu yako inakosa mtandao, na ya kwake inawaka. Kwa hiyo simu ya mzee ikikosa mtandao wakati za jirani zinafanya kazi, msingojee kesho. Nendeni siku ile ile kwa ofisi au wakala wa kampuni mkaulize. Na kitambulisho kisipigwe picha ovyo wala kisiachwe kwa mtu.

(f) Upatu wa mtandaoni. Huu ni ujanja wa kale katika nguo mpya. Mwaka 1991, ng'ambo ya ziwa letu, nchi ikiitwa bado Zaire, watu wa Kinshasa walipoteza fedha zao katika Bindo Promotion, iliyoahidi faida kubwa kwa muda mfupi. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania iliufunga mchezo wa DECI, ambao watu waliambiwa wapande "mbegu" za fedha wavune maradufu. Leo mambo yale yale yanaletwa kwa kikundi cha WhatsApp, na mara nyingi anayemwingiza mzee ni mtu anayemwamini, aliyedanganywa kabla yake.

Wengine watauliza, mbona chilimba chetu ni kizuri? Tofauti ni rahisi kuiona. Katika chilimba mnajuana wote kwa sura, mnatoa sawa, na mtu hupokea kile walichotoa wenzake, bila nyongeza. Katika upatu huwajui wenzako, na faida ya aliyetangulia inatoka katika mfuko wa aliyechelewa. Wakikosekana wa kuchelewa, mchezo unakufa, na mwenye mchezo amekwisha kuondoka.

NANI YUKO UPANDE WA PILI WA SIMU?

Watu wengi hudhani ni kijana mmoja mhuni amekaa mahali. Wengine ndivyo walivyo. Lakini tuangalie habari iliyotokea katika nchi yetu. Mwezi wa Aprili 2024, tume ya serikali ya kupambana na madawa ya kulevya, DEC, pamoja na vyombo vingine vya usalama, iliingia katika kampuni ya Lusaka iliyoitwa Golden Top Support Services. Watu 77 walikamatwa, 22 kati yao raia wa China. Zilikutwa laini za simu kwa maelfu, na mitambo ya kuficha mahali simu inakotoka. Waliolengwa walikuwa katika nchi nyingi, kama vile Singapore, Peru, Falme za Kiarabu, na nchi za Afrika. Mwezi wa Juni 2024 mahakama iliwafunga Wachina hao na raia mmoja wa Cameroon, na baadhi yao walipewa miaka 11.

Lakini sisi wafanyakazi tuwatazame zaidi wale Wazambia waliokuwamo. Wengi wao walikuwa vijana wa miaka ya ishirini, waliochukuliwa kwa kazi ya ukarani wa simu. Walipewa maneno yaliyokwisha kuandikwa, wakae wazungumze na watu wasiowajua, wakifuata karatasi. Ndugu, hicho ni kiwanda. Kina matajiri, kina vibarua, kina mitambo, na bidhaa yake ni uongo. Kijana aliyekosa kazi anakodishwa kumwibia mzee wa mtu mwingine, na huenda mzee wake mwenyewe anaibiwa na kiwanda cha namna hiyo hiyo katika nchi nyingine.

Hapo tunapata mafunzo mawili. La kwanza ni la vijana wetu. Kazi yoyote inayokutaka useme jina lisilo lako na kumwomba mgeni fedha si kazi, hata kama ina ofisi, viyoyozi na mshahara. Ukiajiriwa mahali pa namna hiyo, toka, na uje kwenye chama utueleze. La pili ni la wazee. Mzee aliyedanganywa hakushindwa na mtu mmoja mwerevu. Alishindwa na maneno yaliyofanyiwa mazoezi na watu wengi, mchana na usiku, kwa zamu. Wizi umejipanga kama kiwanda, na mzee anaupokea akiwa peke yake. Basi dawa yake ni ile ile tuliyoitumia siku zote mbele ya nguvu iliyojipanga: mzee asiachwe peke yake.

NAMBA YA SIRI NA ANAYEMSAIDIA MZEE

Sasa tufike mahali pagumu, ambapo watu hawapendi kusema. Wazee wengi hawawezi kusoma maandishi madogo ya simu. Kwa hiyo husaidiwa na mjukuu, na jirani, au na kijana wa kibanda cha fedha, na namba ya siri inajulikana kwa watu watatu wanne. Wengine wameiandika nyuma ya simu kwa kalamu. Fedha zikipotea, kila mtu anamtazama mwenzake, na nyumba inavunjika. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hatupendi kuwashuku watoto wetu, lakini hata mtoto mwema asiwekwe katika majaribu, wala asiwekwe mahali atakaposingiziwa.

Kumwambia mzee tu "usimpe mtu namba yako" hakutoshi, kama hatukumfundisha njia nyingine. Tunashauri hivi. Mzee akae na mtu mmoja anayemwamini, amfundishe kwa subira kufanya mambo mawili tu: kuangalia salio, na kubonyeza namba yake ya siri kwa kidole chake. Tarakimu zenyewe wazee wengi wanazijua, hata wasiosoma barua, maana wamehesabu kwacha maisha yao yote. Msaidizi asome maneno ya kwenye simu kwa sauti, na afike mahali pa namba ya siri ampe mzee simu na ageuze uso. Namba isiwe mwaka wa kuzaliwa, kwa kuwa umeandikwa katika kitambulisho. Na fedha nyingi zisikae zote katika simu. Zinazobaki ziwekwe benki, na katika simu zikae za matumizi.

TUSIMKARIPIE MZEE

Tunasema jambo hili kwa uzito. Mzee akiibiwa, mara nyingi jambo la kwanza analosikia nyumbani ni "Tulikuambia!" au "Hiyo simu tuichukue." Matokeo yake ni kwamba mara ya pili hatasema. Atakaa na siri yake, naye mwizi atarudi, kwa sababu namba ya mtu aliyedanganywa mara moja huuzwa kwa wezi wengine. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi ndio tunaomfundisha mzee kuficha.

Mtu aliyeendesha mtambo miaka thelathini bila kukatwa kidole si mtoto. Kumnyang'anya simu ni kumwondolea heshima yake na kumkatia habari za wanawe. Mwizi alitumia adabu kumpata. Sisi tulio wa damu yake, je, tutashindwa na mwizi kwa adabu? Tumshukuru kwa kusema, halafu tufanye kazi.

IKIWA WIZI UMEKWISHA KUFANYIKA

Dakika za kwanza ndizo zenye thamani, kwa sababu fedha zikiwa bado katika laini ya mwizi zinaweza kuzuiwa, na akiisha kuzitoa taslimu ni vigumu sana kuzipata.

1. Piga mara moja namba ya huduma ya kampuni ya simu iliyotumika, ueleze, na uombe fedha zizuiwe. Namba hiyo uiandike leo ukutani kabla ya shida.

2. Badili namba ya siri siku ile ile.

3. Usifute ujumbe wowote. Andika namba ya mwizi, saa, kiasi cha fedha, na namba ya muamala iliyo katika ujumbe. Hizo ndizo mashahidi wako.

4. Peleka habari polisi, na uombe namba ya taarifa yako. Wizi huu ni kosa la jinai. Bunge lilitunga sheria ya usalama na makosa ya mitandao mwaka 2021, na mwaka 2025 zikatungwa sheria mbili mpya mahali pake. Mamlaka inayosimamia kampuni za simu, ZICTA, nayo hupokea malalamiko ya wateja.

5. Jihadhari na mwizi wa pili. Atapiga siku chache baadaye akisema yeye ni afisa, au mtaalamu wa kompyuta, anaweza kurudisha fedha zako kwa ada kidogo. Huyo ni tawi la kiwanda kile kile.

KAZI YA TAWI

Maneno peke yake hayalindi mtu. Tunapendekeza kila tawi lichague mambo ya kufanya kabla ya mwisho wa mwaka, na hasa kabla ya tarehe 1 Desemba, uvuvi unapofungwa mpaka mwisho wa Februari. Katika miezi hiyo fedha ni chache pwani, kila nyumba inangojea cha kutumiwa, na mtu anayengojea hushikwa kwa urahisi.

Tawi liandike majina ya wastaafu wake wote. Mtu akistaafu asiwe amekufa kwa chama. Kila sehemu ichague mtu mmoja wa kuulizwa, mwanamume au mwanamke mwenye siri na subira, ambaye mzee anaweza kumpigia kabla ya kutuma fedha popote. Kuuliza si ujinga.

Tawi lifanye mazoezi. Mmoja awe mwizi, mmoja awe mzee, wengine wasikilize na kutaja kila ujanja unapotokea. Watu watacheka sana, na watakachocheka hawatakisahau.

Tawi lizungumze na mwajiri, ili mfanyakazi anayekaribia kustaafu apewe mafunzo haya kabla ya siku ya kulipwa. Na lizungumze na vijana wa vibanda vya fedha pale Kashikishi. Nao ni wafanyakazi, wanaokaa juani kwa kamisheni. Kijana wa kibanda akimwona mzee anatetemeka, simu iko sikioni, anataka kutuma fedha zote, na amwulize kwa heshima: "Tata, huyu mnayemtumia mnamjua?" Swali hilo moja linaweza kuokoa kazi ya miaka thelathini.

Na kila nyumba iwe na neno lake la siri, wanalolijua watu wa nyumba hiyo peke yao. Mtu akipiga akisema ni mtoto wenu yuko taabuni, mwulizeni neno. Mtoto wa kweli atalijua. Mwingine atakata simu mwenyewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MKUTANO

1. Ni mtego gani kati ya sita tuliotaja uliokwisha kufika katika sehemu yetu? Ulikuja kwa maneno gani?

2. Katika nyumba yako, namba ya siri ya mzee inajulikana na watu wangapi? Mtaibadili lini?

3. Mzee wako akipigiwa simu sasa hivi, wewe uko kazini, atamwuliza nani?

4. Kijana akiwaletea habari kwamba amepata kazi ya simu mjini yenye mshahara mkubwa, mtamwuliza maswali gani?

5. Wastaafu wa tawi letu ni wangapi, na nani aliwatembelea mwezi huu?

Katibu wa kila tawi aandike majibu na ayalete ofisini pamoja na majina ya watu wa kuulizwa. Maneno mapya ya wezi mtakayotuletea tutayachapa katika ukurasa huu, ili yaliyosikiwa Chiengi leo yajulikane Kawambwa kabla mwizi hajafika huko.